Karoti Haihamishwi

Karoti ikitoka ardhini na miguu miwili kama suruali, watu hucheka, kisha lawama humwangukia muuza mbegu. Mara nyingi huwa anaonewa. Umbo la karoti huamuliwa katika wiki tatu hivi za mwanzo, chini kwa chini, wakati juu ya tuta kuna vijani viwili vyembamba tu na mwenye bustani hajajua bado kama anatazama karoti au gugu. Kinachofuata baada ya hapo, iwe mbolea, palizi au maji, kinaweza kuinenepesha au kuikondesha. Hakiwezi kuurefusha mzizi uliogota, wala kuuunganisha uliokwisha kugawanyika.

Mimina mbegu kidogo kiganjani uzitazame. Ni za rangi ya udongo, na ni ndogo kiasi kwamba gramu moja hubeba mia kadhaa, mara nyingi karibu 800. Upande mmoja ni bapa, na upande wa pili una mistari iliyoinuka kwa urefu wa mbegu. Kitaalamu kila moja ni nusu ya tunda kavu: tunda la karoti likikomaa hupasuka vipande viwili, na ule upande bapa ndipo nusu hizo zilipokuwa zimeshikana. Porini mistari hiyo huota vijimiiba vinavyonasa kwenye manyoya ya wanyama, mbegu ikasafiri bure. Za kuuzwa husuguliwa kwanza vijimiiba viishe, ndipo zinafungwa. Zifikiche kidogo kisha unuse. Mpishi ataitambua harufu hiyo, kwa sababu karoti ni ukoo mmoja na giligilani, shamari na bizari ya pilau.

Ndani ya mbegu ndiko kwenye kazi. Chukua haragwe ulifananishe: kiinitete chake kimejaa mbegu nzima, kikipata maji kinasukuma mzizi ndani ya siku chache. Cha karoti huwa bado kichanga siku mbegu inapokauka. Hata ukimwagilia vizuri, hakichomozi mara moja. Hurefuka kwanza humo humo, kikila akiba inayokizunguka, mpaka kipate kimo cha kulitoboa ganda. Tena mbegu za pakiti moja hazilingani umri. Maua ya karoti huchanua kwa miavuli: mwavuli wa kati hutangulia, ya pembeni hufuata, na mbegu za ule wa kwanza kwa kawaida huwa zimekomaa zaidi. Zote huvunwa pamoja. Ndiyo maana leo utaona mche mmoja hapa, kesho mitatu kule, na baada ya siku kadhaa mingine ambayo ulishaikatia tamaa.

Joto la udongo nalo lina neno lake. Kwenye nyuzi 5 za Selsiasi mbegu ya karoti huchukua takribani siku 50 kuota. Kwenye nyuzi 10 ni siku 17 hivi, kwenye 20 ni wiki moja, na kati ya 25 na 30 ni kama siku sita. Ukifika 35 mambo huanza kurudi nyuma, na kwenye 40 haioti kabisa. Kwa hiyo mtu wa Lushoto, Mgeta au Kinangop, ambako usiku hupoa, asipoona kitu kwa wiki mbili asiende kulifumua tuta. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ana taabu ya kinyume: udongo mtupu ukipigwa na jua la saa nane mchana unaweza kupita nyuzi 40 kwenye sentimita moja ile ile ya juu ambamo mbegu imelala. Huyu apande wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, aweke kivuli chepesi wiki za mwanzo, na dukani aulize Kuroda, mbegu ya Kijapani inayostahimili joto kuliko aina ya Nantes.

Nimesema sentimita moja, na hapo ndipo panapowashinda wengi. Mbegu ndogo hivi ikifukiwa chini zaidi huishiwa akiba kabla ya kuona mwanga. Ikiachwa juu, iko kwenye tabaka linalokauka haraka kuliko jingine lolote bustanini, na yenyewe inataka unyevu usiokatika kwa wiki nzima au mbili. Kumwagilia asubuhi ukaondoka hakutoshi. Dawa ya zamani bado ni nzuri: funika mistari kwa gunia la katani lililoloweshwa, au kwa nyasi kavu, uwe unanyunyiza juu yake. Kuanzia siku ya tano inua ukingo wa gunia kila jioni uchungulie. Ukiona vishingo vyeupe vilivyopinda vinaanza kuinua udongo, liondoe jioni hiyo hiyo. Ukichelewa, miche hupenya kwenye nyuzi za katani, na siku utakayolivuta gunia utaondoka nayo.

Udongo wa mfinyanzi una hila nyingine. Ukinyeshewa kisha ukakauka, hufanya gamba gumu ambalo mche wa karoti hauna nguvu ya kulivunja. Fukia mbegu kwa mchanga au mboji iliyochekechwa badala ya udongo wenyewe. Wengine huchanganya na mbegu chache za figili, nami naona ni akili kubwa: figili huota ndani ya siku tatu hadi tano, hulipasua gamba, huonyesha mstari ulipo ili jembe la palizi lisipite juu yake, na huliwa karoti ikiwa bado haijahitaji nafasi. Ili mbegu zisidondoke kwa mafungu, changanya kijiko kimoja na bakuli la mchanga mkavu ndipo umwage mfereji kwa mfereji, umbali wa sentimita 20 hadi 30.

Sasa tushuke chini. Mbegu ikishachomoza, mmea hautazami majani kwanza. Nguvu karibu zote huenda kwenye uzi mmoja mweupe unaoshuka wima, na uzi huo unaweza kufika zaidi ya sentimita 20 huku juu ukiona majani madogo ya kuhesabika. Huo uzi ndio karoti. Hautaongezwa urefu baadaye. Utanenepa tu, kuanzia mabegani kwenda chini. Kazi yote ya kuchimba njia hufanywa na ncha yake, na ncha ikifa mmea hauachi kuishi: mizizi ya pembeni huchukua zamu, kila mmoja ukianza kunenepa kivyake. Hapo ndipo miguu inapotokea. Jiwe linatosha kuigeuza njia. Samadi mbichi hubabua. Minyoo fundo huishambulia ikiwa bado laini, na minyoo hiyo hupenda nyanya na bamia, kwa hiyo tuta lililotoka kubeba hizo lipe kwanza mazao mengine. Kuhamisha mche kutoka kitaluni, hata kwa mkono mwepesi wa namna gani, kwa kawaida huikata au kuikunja ncha hiyo. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema wazee. Karoti mbichi usiikunje hata kidogo. Nyanya hupandikizwa, kabichi hupandikizwa, vitunguu hupandikizwa. Karoti hupandwa pale pale itakapong'olewa.

Ajabu ni kwamba maabara imeonyesha kinyume kabisa cha ugumu huu. Mwaka 1958, F. C. Steward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitoa taarifa kwamba wameotesha mimea kamili ya karoti kutoka kwenye seli za mzizi. Walikata vipande vidogo, wakavilea kwenye majimaji ya virutubisho yaliyotiwa maji ya nazi, yale yale tunayokunywa kwenye dafu, kwa kuwa yana vichocheo vya ukuaji. Seli zikabanduka, zikagawanyika, zikajenga mizizi, kisha machipukizi, mpaka mmea mzima. Seli iliyotoka kwenye tishu ya kusafirisha sukari ndani ya mzizi ilikuwa bado inakumbuka jinsi ya kutengeneza jani na ua. Elimu ya kulea tishu za mimea, ambayo leo inawapa wakulima wetu miche ya migomba isiyo na magonjwa, ilipata nguvu kubwa kwa karoti hiyo na nazi hiyo. Kwenye tuta hakuna chupa wala maji ya dafu, na mzizi uliokatwa ncha haupati nafasi ya pili.

Turudi bustanini, kwenye kupunguzia miche. Hili watu hulifanya kwa huruma, na huruma hapa inaharibu. Karoti zilizosongamana husukumana, hujisokota na hubaki nyembamba. Miche ikifikia kimo cha kidole, acha mmoja kila baada ya sentimita tano hivi. Kukata kwa mkasi usawa wa udongo ni bora kuliko kung'oa, kwa sababu ukivuta mmoja unamtikisa jirani. Ukiamua kung'oa angalau mmoja kwa udadisi, utaona mzizi bado ni mweupe. Rangi huja baadaye, mzizi unaponenepa, na huja vizuri kwenye ubaridi wa wastani kuliko kwenye joto kali.

Rangi yenyewe ina kisa. Karoti za kwanza kulimwa, huko Asia ya Kati na Uajemi, zilikuwa za zambarau na za manjano. Za chungwa zilienea Ulaya katika karne ya 16 na ya 17, na Waholanzi walizikuza sana, ingawa hadithi kwamba walifanya hivyo kumuenzi mwanamfalme wao haina ushahidi. Mjerumani Heinrich Wackenroder aliitenga rangi hiyo mwaka 1831 akaiita karotini kwa jina la mmea. Swali lililobaki lilikuwa kwa nini mzizi unaoishi gizani ujaze kitu ambacho kazi yake ya kawaida ni kulilinda jani dhidi ya jua. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Philipp Simon wa Chuo Kikuu cha Wisconsin lilichapisha ramani ya jeni za karoti, zaidi ya 32,000, na kuitaja jeni moja inayoshukiwa: ikiharibika, breki ya kawaida huachia, na mzizi unaanza kutenda kana kwamba uko mwangani. Ukitaka kuona dalili yake, acha mabega ya karoti wazi juani. Hugeuka kijani na kuwa machungu. Ndiyo sababu ya kupandishia udongo.

Kuhusu macho, karotini mwili huigeuza vitamini A, na asiye nayo ya kutosha hupata shida ya kuona gizani. Anayeipata tayari hataona vizuri zaidi kwa kuzidisha karoti. Viganja vyake vitapata manjano tu. Pika kidogo, tia mafuta kidogo, na mwili utaichukua vizuri kuliko ikiwa mbichi.

Ukiishi mjini bila shamba, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha kwa kina, ukiijaza mchanganyiko laini wa mchanga na mboji iliyoiva. Chagua aina ya Chantenay, fupi na pana mabegani. Ndiyo pia ya kupanda kwenye udongo mzito. Maji yawe ya kiasi na ya kila mara, kwani kiu ya muda mrefu ikifuatwa na mafuriko huipasua karoti kwa urefu. Usitegemee kuvuna mbegu zako mwenyewe: karoti hutoa maua mwaka wa pili baada ya kupigwa na baridi ya wiki kadhaa, baridi ambayo maeneo yetu mengi hayana, na ndiyo sababu pakiti nyingi za madukani hutoka ng'ambo. Soma tarehe kabla ya kulipa. Mbegu iliyokaa kwenye rafu yenye joto hufa haraka.

Siku 90 hadi 120 baada ya kupanda, lowesha tuta ndipo ung'oe. Kata majani siku hiyo hiyo. Yakiachwa huendelea kunywa maji ya mzizi, na karoti hulegea kabla haijafika jikoni.