Mgomo wa reli na gunia la Matai

Mfanyabiashara wa Matai anayepeleka mahindi Tunduma kwa lori anaweza kuuliza: mishahara ya TAZARA inanihusu nini? Inakuhusu. Treni zikisimama, mizigo ya reli huhamia barabarani, malori yakagombewa na nauli ya gunia ikapanda.

Mei 2014 wafanyakazi wa reli hiyo upande wa Tanzania waligoma wakidai malimbikizo ya mishahara. Hasira yao kwa menejimenti ilieleweka. Mtu haendeshi treni mwezi baada ya mwezi huku akila kwa mkopo dukani. Lakini kasha lilikuwa tupu. Reli ya kilometa 1,860 iliyojengwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba takriban 88,000 tu mwaka 2014/15. Mzigo ukipungua mshahara huchelewa, watu hugoma, wateja hukimbia, na mzigo hupungua tena. Wenye mali nao ni serikali mbili, nusu kwa nusu: ni rahisi kila mmoja kumngoja mwenzake atoe.

Septemba 2025 kampuni ya China, CCECC, ilitia saini mkataba wa miaka 30 wa kuikarabati na kuiendesha. Anayefikiria kupakia mzigo relini aulize nauli, kisha aulize kama mishahara ya mwezi uliopita imetoka.