Je, Wajua? Tsunami na Mito ya Delta ya Rufiji

Je, wajua kwamba tsunami iliyoua watu Dar es Salaam mwaka 2004 ilikuwa njiani kwa muda wa takriban saa tisa kabla ya kutufikia? Ilikuwa Jumapili, tarehe 26 Desemba, siku moja baada ya Krismasi. Kabla kidogo ya saa 10 alfajiri kwa saa za kwetu, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mawimbi yakakata zaidi ya kilomita 6,000 za bahari na kuwasili mchana, watu wakiwa ufukweni. Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10, wakiwemo waliokuwa wakiogelea. Somalia ilipoteza karibu 300. Dunia nzima, takriban watu 230,000 katika nchi 14.

Kenya, ambayo mawimbi yaliifikia karibu wakati uleule na sisi, ilipoteza mtu mmoja. Huko habari za asubuhi kutoka Asia ziliwahi kugeuzwa amri, watu wakaondolewa ufukweni kabla bahari haijachafuka. Tulikuwa na saa zilezile. Hatukuzitumia.

Je, wajua kinachoizaa tsunami? Si upepo, wala si mwezi. Upande wa Sumatra, bamba la ardhi lililobeba sakafu ya bahari linajipenyeza polepole chini ya bamba jirani. Mabamba hayo hukwamana kwa miaka mingi, mgandamizo ukajikusanya, kisha siku moja yakaachana kwa kishindo. Mwaka 2004 mpasuko ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 1,300, kuzidi reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 9.1. Sakafu ilipoinuka, iliyanyanyua maji yote yaliyokuwa juu yake. Ligonge kitako beseni lililojaa maji, utaona jinsi yanavyokimbilia kingo.

Je, wajua kwamba tetemeko kubwa laweza kupita bila tsunami ya kutisha? Tarehe 11 Aprili 2012, eneo hilohilo la Sumatra lilitikiswa na tetemeko la 8.6. Tahadhari ikatolewa katika nchi za Bahari ya Hindi, Tanzania ikiwemo. Mawimbi yaliyotokea yalikuwa madogo, kwa sababu safari hiyo miamba iliteleza kwa ubavu na sakafu haikunyanyuka kama mwaka 2004. Wako waliolalamika kwamba wamesumbuliwa bure. Mimi nasema waliohama siku ile walifanya jambo sahihi kabisa, na wafanye hivyohivyo tena.

Na hapa kwetu je? Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini, kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, upande wa Mafia. Watu walitoka nje ya nyumba zao. Tsunami haikuja, maana matetemeko yanayozaa tsunami ya hatari kwa kawaida huanzia ukubwa wa 7 na kuendelea.

Je, wajua mwendo wake? Penye kina cha mita 4,000 tsunami hukimbia kilomita 700 kwa saa, sawa na ndege ya abiria. Penye kina cha mita 10 hushuka hadi kilomita 36 hivi kwa saa. Lakini kupungua mwendo ndiko kunakoiongezea kimo: maji ya mbele yanapunguza kasi, ya nyuma yangali yanasukuma, yanarundikana. Saa mbili baada ya tetemeko la 2004, satelaiti ilipima wimbi katikati ya bahari likiwa na kimo cha sentimita 60 tu. Nahodha wa jahazi asingelihisi. Tsunami hiyohiyo ilipanda kufikia mita 30 Aceh.

Je, wajua tofauti yake na mawimbi ya dhoruba? Kimbunga Hidaya kilipoingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, bahari ilichafuka kwa upepo, na upepo husukuma maji ya juu. Tsunami husogeza maji yote, kutoka sakafuni hadi usoni. Ndiyo maana haivunjiki ufukweni ikaishia hapo. Inaendelea kuingia nchi kavu kwa dakika nyingi, ikibeba magogo, mashua na mabati, kisha inarudi baharini na yote iliyoyazoa.

Sasa jambo ambalo mvuvi wa Nyamisati atalielewa kuliko profesa. Tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu. Maana yake bahari ilikuwa katika bamvua. Siku za bamvua kwenye pwani yetu maji hupwa sana asubuhi kuelekea adhuhuri, hujaa sana alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa yaweza kukaribia mita 4. Mawimbi ya kwanza ya tsunami yalitukuta maji yangali chini, kwa hiyo sehemu kubwa ya kimo chake iliishia kufunika mchanga na miamba iliyokuwa wazi. Yangewasili saa tatu au nne baadaye, juu ya maji yaliyokwisha kujaa, tungekuwa tunahesabu misiba mingine. Wako wazee wanaosema tsunami kwetu ni jambo dogo kwa kuwa waliiona ile ya 2004 na haikufanya kitu. Waliiona ikiwa na miguu iliyofungwa.

Je, wajua namna ya kutofautisha maji kupwa na maji yanayovutwa na tsunami? Maji ya kawaida huchukua karibu saa sita kupwa. Tsunami huweza kuyakokota kwa dakika chache, ikaacha wazi mahali ambapo hujawahi kupaona pakiwa pakavu, samaki wakitapatapa. Ukiwa unaokota kaa au unatega kamba, ukaona maji yameondoka nje ya saa yake, acha kila kitu. Tena si lazima yaondoke kwanza. Mara nyingine kinachotangulia ni maji kupanda.

Wala wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Huja kwa mfululizo, kati ya moja na jingine zikipita dakika 10 hadi saa nzima. Wengi hufa kwa kurudi kuangalia nyumba.

Je, wajua kwamba mdomo wa mto ni mlango wa tsunami? Hili ndilo linalonitia hofu kuhusu delta. Rufiji hugawanyika kuwa mito mingi kabla ya kuingia baharini: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mingineyo, na vijiji vya wilaya ya Kibiti vimejipanga kandokando yake. Japani, tarehe 11 Machi 2011, tsunami ilipanda mto Kitakami ikasikika karibu kilomita 50 kutoka baharini. Shule ya msingi ya Okawa ilikuwa ukingoni mwa mto huo, kilomita 4 hivi kutoka mdomoni. Watoto walikusanywa uwanjani kwa muda wa dakika 50 hivi huku watu wazima wakijadiliana waende wapi. Watoto 74 na walimu 10 walipotea. Nyuma ya shule palikuwa na kilima. Delta haina hata kilima hicho.

Je, kisiwa cha Mafia hakitukingi? Kinasaidia, na miamba ya matumbawe pia inapunguza nguvu. Ila mawimbi ya tsunami hujipinda yakazunguka visiwa na hata nchi. Mwaka 2004 Kerala, iliyo upande wa magharibi wa India, mgongoni kabisa kwa Sumatra, ilipoteza zaidi ya watu 100.

Na mikoko? Delta ina takriban hekta 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki. Huko Cuddalore, kusini mwa India, watafiti walipopima uharibifu wa 2004 waliona kwamba vijiji vilivyokuwa nyuma ya miti viliumia kidogo kuliko vilivyokaa wazi. Mikoko haizuii wimbi la mita 30. Wimbi la kimo cha kawaida inalidhoofisha. Kwa hiyo kila mahali mkoko na mchu vinapofyekwa kupisha mpunga, nyumba za nyuma zinapoteza ukuta ambao hakuna serikali itakayoujenga upya kwa saruji.

Je, wajua kwamba tsunami imewahi kuangamiza kijiji cha Waswahili? Kwenye ghuba ya Pangani watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichimbua tabaka la mchanga wa bahari lenye mifupa ya watu, la miaka 1,000 hivi iliyopita. Mifupa haikuwa na dalili za vita wala maradhi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na hitimisho lao ni kwamba Afrika Mashariki iko hatarini kuliko ilivyodhaniwa. Hatari nyingine iko kaskazini: mpasuko wa Makran, pwani ya Pakistani na Irani, uliozaa tsunami Novemba 1945. Huko ni karibu nasi kuliko Sumatra, na muda wa kujiandaa utakuwa mfupi zaidi.

Je, wajua kisiwa cha Simeulue? Kiko karibu kabisa na mahali tetemeko la 2004 lilipoanzia. Wakati ule kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa ni 7. Mababu zao walipigwa na tsunami mwaka 1907, wakawasimulia watoto, na watoto wakawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana, kimbilia mlimani. Hawakungoja redio.

Sisi wa delta tunahitaji kuingoja, kwa sababu tetemeko la Sumatra halitatutikisa miguu. Tangu mwaka 2011 Bahari ya Hindi ina mfumo wa tahadhari unaoendeshwa kupitia Australia, India na Indonesia, na kwa upande wetu taarifa hupokelewa na kutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ujumbe utafika Dar es Salaam kwa dakika. Kutoka hapo hadi Maparoni au Mbwera ni kazi ya watu: simu ya mwenyekiti, kipaza sauti cha msikiti, mtumbwi wa kupeleka habari kambi ya wavuvi. Aliye kwenye kina kirefu asirudi bandarini, abaki nje. Aliye kijijini aondoke mapema kwa mashua kuelekea bara, kabla mito haijaanza kwenda kinyume.

Ndugu msomaji wa Salale, Msala, Kiongoroni na Mbuchi, kwenye mkutano ujao wa kijiji uliza maswali matatu, na yaandikwe kwenye muhtasari: nani anapokea ujumbe, nani anahesabu mashua, na wazee na watoto wa shule wanapelekwa wapi.