Umemaliza masomo ya mawasiliano: kazi inaanzia wapi?

Kila mwaka, matokeo ya vyuo vikuu yanapotangazwa, kuna vijana wetu wanaotoka na diploma ya mawasiliano, na kuna wazazi wanaouliza: "Sasa huyu atatumika wapi?" Ni swali la haki. Daktari anajulikana, mwalimu anajulikana, lakini mahusiano na umma ni kazi ambayo wengi wanaiona bila kujua jina lake. Katika matangazo ya kazi ya kwetu huitwa mara nyingi "mhusika wa mawasiliano". Hospitali inaweza kuwa naye, na vilevile ushirika wa kahawa, kampuni ya simu, shirika la misaada, hata biro ya jumuiya ya kanisa.

Wengi hufikiri kazi yake ni kumpiga mkubwa picha, kuiweka Facebook na kuandika kwamba mkutano ulifanyika vizuri sana. Hiyo ni sehemu ndogo, nami nasema si sehemu ya maana. Mtu huyu ni mdomo wa nyumba anayoitumikia, lakini kwanza ni sikio lake. Anapeleka maneno ya nyumba kwa watu, na anarudisha ndani maneno ya watu, hata yale ambayo wakubwa hawapendi kuyasikia.

Sisi wa mashariki tuliliona jambo hili kwa macho yetu. Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua na zaidi ya 2,200 wakafa, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Chanjo ilikuwapo. Magari yalikuwapo mengi, pengine mengi mno. Kilichokosekana ni imani ya watu. Matangazo yalisema: osha mikono, peleka mgonjwa mapema, usiguse maiti. Watu wa Beni nao waliuliza: tumeuawa kwa miaka, hakuna aliyekuja mbio namna hii, leo mnatupenda kwa sababu gani? Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kati ya sababu, na wengi wakaona wamepata hakikisho kwamba ugonjwa ni siasa na biashara. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa.

Mabango zaidi yasingeponya hali hiyo. Jambo moja lililosaidia ni kwamba wajitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maswali, malalamiko na uvumi jinsi watu walivyousema, kisha maneno hayo yakapelekwa kwa wenye kuamua. Kati ya uvumi huo kulikuwa na huu: ndani ya mifuko ya maiti hamna mtu, au viungo vyake vimeibiwa. Mtu asiyejua kazi angetoa tangazo redioni: "Huo ni uongo, msiusikilize." Jibu lililokuja lilikuwa tofauti. Ikaletwa mifuko ya kuonekana ndani, jamaa wakaweza kumwona mtu wao kabla ya kumzika. Vilevile, vikaletwa vyumba vya plastiki angavu ambamo mgonjwa aliweza kuonwa na ndugu zake na kuongea nao bila hatari. Angalia vema: halikutafutwa neno tamu zaidi, kilibadilishwa kitu chenyewe, kwa sababu kuna mtu aliyebeba neno la mama wa Butembo hadi kwenye meza ya wakubwa. Kubeba huko ndiko kazi yenyewe.

Kishawishi cha kutumia maneno mahali pa matendo ni cha tangu mwanzo. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hii, Ivy Lee wa Marekani, mtoto wa mhubiri wa Kimetodisti, aliwaahidi wahariri mwaka 1906 kwamba habari zake zitakuwa wazi na za kweli, na kwamba atamsaidia yeyote anayetaka kuzihakikisha. Ahadi nzuri. Mwaka 1914, kule Ludlow katika Colorado, wachimba makaa waliokuwa katika mgomo walishambuliwa kambini mwao, na kati ya waliokufa walikuwamo wanawake 2 na watoto 11. Lee akaajiriwa na upande wa Rockefeller, mwenye migodi, na baadhi ya habari alizosambaza, kama zile za malipo ya viongozi wa wafanyakazi, hazikuwa za kweli. Ahadi yake inafundishwa mpaka leo. Jina baya alilopata kwa ajili ya Ludlow nalo halikusahauliwa.

Basi anayeanza ashike nini? Usingoje kuitwa kazini ndipo uanze. Chagua nyumba moja iliyo karibu nawe: kituo cha afya, shule, ushirika. Kaa mahali watu wanapongoja, sikiliza wanauliza nini kila siku, kisha andika majibu. Chukua mfano wa maji ya REGIDESO kukatika. Tangazo zuri linasema mitaa gani, tangu saa ngapi, kwa sababu gani, yatarudi lini, na mtu aulize kwa nani. Kama siku ya kurudi haijulikani, linasema hivyo waziwazi. Liandike kwa Kifaransa cha biro, kisha liandike upya kwa Kiswahili cha redio. Nasema upya, kwa maana tafsiri ya neno kwa neno inasikika kama karatasi ya kodi. Mama anayepika huku redio ikisema hana nafasi ya kurudi nyuma kusoma tena. Palipo wazee wanaosema Kinande, Mashi au Kilendu peke yake, mtafute anayeweza kulisema vema. Hifadhi kila kipande pamoja na kilichofuata: maswali gani yaliletwa, nini kilibadilika. Mwajiri ataangalia kabrasha hilo kwa muda mrefu kuliko diploma.

Katika juma la kwanza la kazi utakutana na "coupage", ile bahasha ya mwanahabari. Wanahabari wetu wengi wanalipwa kidogo au hawalipwi, siwahukumu. Lakini usinunue habari. Kama shirika linatoa pesa ya usafiri, iwe sawa kwa wote, iandikwe, na isifungamane na kile kitakachosemwa. Ukitaka kusifiwa, lipia tangazo na liitwe tangazo.

Picha nazo. Katika eneo la vita, picha ya mkimbizi ikionyesha uso wake na mahali alipo inaweza kumletea wauaji. Omba ruhusa, na pengine ukiruhusiwa bado usiitoe.

Tangu Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake mwaka 2025, nafasi katika mashirika zimepunguka, na njaa ya kazi inawaleta wajanja. Anayedai pesa ili akupe kazi si mwajiri. Anayedai mwili ni mkosaji. Tume huru iliyochunguza mambo ya wakati wa Ebola ilionyesha, mwaka 2021, watu 83 walioshutumiwa kuwatendea wanawake unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakitumikia Shirika la Afya Duniani. Wanawake kadhaa walikuwa wameahidiwa kazi. Wazazi, msimwambie binti avumilie. Binti, hifadhi jumbe zake, na usiende peke yako kwenye miadi ya jioni wala ya hotelini.

Ukipata staji, omba karatasi yenye mambo manne: muda, pesa ya usafiri, jina la atakayekufundisha, na ruhusa ya kuonyesha kazi zako baadaye. Kwa maoni yangu, miezi 3 inatosha. Ikipita nawe bado unaleta chai na kupanga viti, omba mazungumzo, na huku unaongea, barua yako iwe imekwisha kufika kwenye nyumba nyingine.