Umeilaza mashine, umeme ukakatika: kazi yako iko wapi?

Wadau, wengi mnaniuliza kwa nini desktop ukiilaza inaamka yenyewe. Si virusi, jamani! Mara nyingi ni mausi, meza ikitikisika tu basi. Au kadi ya netiwaki. Fungua Command Prompt, andika powercfg /lastwake, itakutajia nani kaiamsha. Kisha nenda Device Manager, kwenye Power Management ya kifaa hicho, toa tiki ya kuruhusu kuamsha kompyuta.

Mimi linaloniumiza kichwa zaidi ni hili. Mashine ikiwa Sleep, kazi yako inakaa kwenye RAM, na RAM bila umeme haishiki kitu. Desktop haina betri kama laptop, kwa hiyo umeme ukikatika, ile CV ambayo hujaisevu ndo imeenda hivyo. Tangu Windows Vista ya 2007 kuna dawa: Power Options, settings za juu, Sleep, washa Allow hybrid sleep. Hapo inaandika kazi kwenye hadi diski pia kabla ya kulala. Huioni? Washa kwanza hibernate: fungua Command Prompt kama administrator, andika powercfg /hibernate on.