Kapteni wa Baharini na Kapteni wa Nchi Kavu



Sisi wa Kilosa na Mikumi tuko mbali na bahari, lakini kijana wetu yeyote anaweza kutamani kuwa mwanamaji wa JWTZ kule Kigamboni. Basi tujue vyeo.

Wanamaji wako makundi mawili. Askari huendesha mitambo, mizinga na mawasiliano ya meli. Maafisa hupewa kamisheni, nao huongoza na kubeba dhamana ya meli na watu wake.

Tahadhari na neno Kapteni. Nchi kavu, Kapteni yuko chini ya Meja. Katika jeshi la wanamaji la Uingereza au Marekani, Kapteni ni sawa na Kanali, ngazi tatu juu zaidi! Ukiwachanganya, utamshusha mkubwa. Kenya imeepuka utata huu: wanamaji wake hutumia vyeo vya nchi kavu, na kamanda wao ni Meja Jenerali.

Juu kabisa yuko Admirali. Neno hili asili yake ni Kiarabu, amiri, yaani kiongozi; ndilo lililomo katika "Amiri Jeshi Mkuu".

Vijana, someni kwa bidii. Na mkumbuke, cheo ni amana.