Watakatifu na Sisi

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo ya leo twapenda kulichunguza neno ambalo Wakristo hulitamka mara kwa mara katika sala na nyimbo zao, walakini si wengi wakaao kulifikiri. Neno hilo ni utakatifu. Twauliza: Mtakatifu ni mtu wa namna gani? Na sisi tulio wakulima, walimu, makarani, mafundi na akina mama wa nyumbani, tuna shauri gani naye?

Yatupasa kuuliza, kwa maana neno hili limegeuzwa kuwa ngao. Mtu akionywa kwa sababu ya ulevi, au deni asilotaka kulilipa, au maneno makali anayomtolea mkewe, hujibu upesi, "Mimi si malaika," au, "Mimi si mtakatifu." Akisha kusema hivyo hudhani kesi imekwisha. Asema kana kwamba watakatifu ni kabila la mbali, lenye damu yake na mila zake, na kwamba yeye hakuzaliwa humo.

Basi na tulitazame neno lenyewe. Takatifu latoka katika kutakata, yaani kuwa safi. Kila mama ajua kwamba nguo hutakata kwa kufuliwa, wala haifuliwi mara moja ikawa basi; ikivaliwa huchafuka, na ikichafuka hufuliwa tena. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakristo wa Korintho, aliwaita watakatifu. Na katika barua iyo hiyo aliwakemea kwa mafarakano yao, kwa kushtakiana mbele ya mahakimu, na kwa kuwaaibisha maskini walipokutanika kula. Hakuwaita hivyo kwa kuwa wamekwisha kukamilika, bali kwa kuwa wameitwa.

Je, ile orodha ya watakatifu ambao majina yao hupewa watoto wetu wakati wa ubatizo ilianzaje? Ilianza kwa kukumbuka. Wakristo wa zamani walikutanika kila mwaka siku ya kufa kwao wale waliouawa kwa ajili ya imani, wakasali penye makaburi yao. Kwa muda wa karne nyingi watu wenyewe pamoja na maaskofu wao ndio waliokubali nani akumbukwe. Mwaka 993 Papa Yohane wa 15 alimtangaza Askofu Ulrich wa Augsburg, na baada ya hapo kazi hiyo ilizidi kuwa ya Papa mwenyewe. Siku hizi, katika Kanisa Katoliki, uchunguzi huanzia katika jimbo, na kwa kawaida hauanzi kabla haijapita miaka 5 tangu mtu kufariki. Mashahidi huulizwa, na maandiko yake husomwa. Kwanza huitwa Mtumishi wa Mungu. Baadaye, kama mambo yamethibitika, huitwa Mwenyeheri, na mwisho Mtakatifu. Makanisa ya Kiprotestanti hayana utaratibu huu, lakini nayo huwakumbuka kwa heshima watu waliotangulia katika imani.

Yafaa tufahamu kwamba kutangazwa hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu, kama vile cheti kisivyompa mwanafunzi elimu. Elimu aliipata siku nyingi kabla yake, darasani, kwa taabu. Cheti chashuhudia tu. Na kama walivyo watu wengi wenye elimu wasio na cheti, ndivyo walivyo watakatifu wengi wasioandikwa popote. Kwa ajili yao Kanisa limeweka sikukuu ya tarehe 1 Novemba, siku ya Watakatifu Wote.

Na tuchukue mfano ulio karibu nasi. Kila mwaka, tarehe 3 Juni, watu maelfu kwa maelfu hukusanyika Namugongo, karibu na Kampala, na wengine hufika kwa miguu kutoka nchi jirani. Huwakumbuka mashahidi wa Uganda waliouawa katika siku za Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 kati yao, waliouawa tangu Novemba 1885 mpaka Januari 1887, walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa 6 tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana nao walikuwa na mashahidi wao, na siku ile ya tarehe 3 Juni 1886 Waanglikana na Wakatoliki walichomwa moto pamoja.

Sisi tukisikia habari hizi huutazama ule moto, tukastaajabu, tukarudi nyumbani tukisema, "Hao walikuwa watu wengine." Walakini ushujaa ule haukuzaliwa siku ile ya moto. Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 waliondoka, wakavuka ziwa kwenda upande wa kusini, ambako walifungua misheni ya Bukumbi karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na padre, wala misa, wala mtu wa kuwakagua wale waliobatizwa, nao walikuwa wachache. Ni nani aliyelinda imani? Wenyewe walioachwa.

Huko Mityana, katika nchi ya Singo, walikuwapo Matia Mulumba na Luka Banabakintu, waliobatizwa mwaka 1882. Matia alikuwa mtu wa cheo mwenye wake kadha wa kadha. Alipoamini alibaki na mke mmoja, jambo ambalo kwa mtu wa cheo chake halikuwa dogo. Hao wawili waliwafundisha jirani zao sala na mafundisho kama walivyoyashika wao. Mmoja wa waliofundishwa alikuwa Nowa Mawaggali, mfinyanzi. Kazi yake ilikuwa udongo na vyungu. Mapadre waliporudi walikuta shamba walilodhani limekufa limeota na kustawi, na waliolipalilia ni watu wenye jembe na udongo mikononi. Mateso yalipofika mwaka 1886, watu hawa hawakuanza kujifunza uaminifu. Waliendelea nao tu. Matia na Nowa waliuawa katika siku za mwisho za mwezi wa Mei, na Luka akachomwa Namugongo.

Nowa alikuwa na dada yake, jina lake Munaku. Ndugu yake alipouawa kwa mkuki na kwa mbwa, Munaku alijitokeza mwenyewe mbele ya wauaji akakiri kwamba yeye pia ni wa dini ile ile. Hawakumwua, walimchukua mateka. Baadaye alikombolewa, akabatizwa kwa jina la Maria Matilda, akaahidi kutoolewa ili alitumikie Kanisa, akaendelea katika ahadi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1934. Na tuhesabu: ni miaka 48. Nowa alimtolea Mungu maisha yake kwa siku moja. Dada yake aliyatoa kidogo kidogo, siku baada ya siku, na katika nyingi za siku hizo hapakuwa na mtu wa kumshangilia. Jina lake halimo katika wale 22. Ni nani kwetu awezaye kusema kwamba njia yake ilikuwa nyepesi?

Mfano wa pili watoka Sudani. Katika nchi ya Darfur, yapata mwaka 1869, alizaliwa mtoto wa kike ambaye aliibwa na wafanya biashara ya watumwa angali mdogo. Hofu ilimsahaulisha hata jina alilopewa na wazazi wake. Watekaji walimwita Bakhita, maana yake mwenye bahati, neno ambalo ni ndugu ya bahati yetu ya Kiswahili. Na jina hilo lilikuwa dhihaka tupu. Aliuzwa mara kadhaa, akapigwa, akachanjwa mwili. Mwaka 1885 alipelekwa Italia. Bibi aliyemmiliki alipotaka kumrudisha Sudani, Bakhita alikataa kutoka katika nyumba ya masista alimokuwa akifundishwa dini. Na mwezi wa Novemba 1889 mahakama ya Venice iliamua kwamba yeye ni mtu huru. Wale wanaodhani kwamba mtakatifu ni mtu anayeinamia kila dhuluma, na wakumbuke kukataa huku.

Alibatizwa Januari 1890 kwa jina la Josephine, kisha akawa sista. Alifanya nini? Alipika, alishona, alitarizi, na katika mji wa Schio alikuwa bawabu, akiwafungulia mlango maskini na watoto wa shule. Wala hakuwachukia waliomtesa. Alisema kwamba akikutana nao angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa kwa njia ile alifika kumjua Mungu. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, akatangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Jiko, sindano na mlango: hivyo ndivyo vyombo vyake.

Mfano wa tatu ni sista mwingine, Irene Stefani, aliyezaliwa Italia mwaka 1891 akafika Kenya mwaka 1915. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeanza, na Waafrika wengi mno walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam latukumbusha wapagazi hao mpaka leo. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali zao huko Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Vita vilipokwisha alikaa Gikondi, katika nchi ya Wakikuyu, akifundisha shuleni na kuzunguka vijijini kwa miguu. Tena alikuwa na kazi moja ambayo haikuandikwa katika ratiba yoyote: aliwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma, ambao vijana wao walikwenda kufanya kazi mijini. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Mwaka 1930 alimwuguza mwalimu mmoja aliyepatwa na tauni, akaambukizwa, akafariki tarehe 31 Oktoba, naye ana miaka 39. Alitangazwa Mwenyeheri huko Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Basi twajifunza nini? Kwanza, mambo makuu yaliyotendwa na watu hawa yalisimama juu ya mambo madogo yaliyotendwa kila siku. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyezoea kusema kweli sokoni hataweza kuisema mbele ya upanga. Pili, hawakufanana. Mmoja alikuwa mtu wa cheo, mwingine mfinyanzi, mwingine mtumwa aliyeachwa huru, mwingine mgeni aliyejifunza lugha ya watu aliowatumikia. Mwalimu akiandika herufi ubaoni, mwanafunzi hang'oi zile herufi akazibandika katika daftari lake. Hutazama, kisha huandika kwa mkono wake mwenyewe. Na mkono wake ukitetemeka mwalimu hakasiriki, maadamu aendelea kuandika. Ndivyo ilivyo kwetu. Hatukuagizwa kuishi maisha ya Bakhita. Tumeagizwa kuishi maisha yetu wenyewe kwa moyo uliokuwa ndani yake.

Jambo hili latuhusu hasa sisi tuwafunzao vijana watakaokuwa walimu. Kijana hupelekwa kijijini na sanduku la vitabu, akidhani kwamba atafundisha yale yaliyomo sandukuni. Walakini watoto hawasomi vitabu tu. Humsoma na mwalimu. Huona kama fedha za michango zimefika zilikotumwa. Huona kama mtoto wa maskini apigwa zaidi ya mtoto wa mkubwa. Wamesikia habari za Karoli Lwanga mara moja kwa mwaka, bali mwalimu wao, na mama zao, na baba zao, wawaona kila kukicha. Ikiwa katika hao hawauoni utakatifu hata kidogo, wataamini kwamba ni hadithi ya kale, nao watajifunza kuitumia ile ngao tuliyoitaja.

Kwa hiyo, wasikilizaji, twashauri jambo dogo. Kila mmoja wetu analo deni moja lililochelewa, au mgonjwa mmoja asiyetembelewa, au mtu mmoja aliyekosana naye na ambaye angemwendea laiti si haya. Tusingoje mambo makubwa. Kabla ya Jumapili ijayo tulipe deni hilo, tumtazame mgonjwa huyo, tumwendee mtu huyo. Na juma la pili tutafute jingine.

Kwaherini.