Kijiti cha hamsini na mbili

Vitumbua vilikuwa vizuri. Karatasi ndiyo iliyoniharibia asubuhi.

Nilinunua vinne Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, Tanga, na mama muuzaji akanifungia kama wanavyofunga wenzake, kwenye ukurasa uliochanwa kutoka daftari la shule. Kwa kawaida mtu huisoma karatasi ya namna hiyo kwa jicho moja, akacheka insha ya mtoto wa watu, akafutia vidole, akatupa. Hii ilikuwa ya hesabu. Swali la tatu: 52 − 27. Chini yake mtoto alikuwa amechora vijiti.

Vilijaza mistari mitatu. Vya mwanzo vimenyooka, vya mwisho vimelala upande kama mpunga uliopigwa na upepo. Kuanzia kushoto, vijiti 27 vilikuwa vimekatwa kimoja kimoja, na penseli ilikandamizwa hadi mikato ikaonekana upande wa pili wa karatasi. Jibu: 24. Pembeni, kosa la kalamu nyekundu, kubwa kuliko jibu lenyewe.

Nikahesabu. Labda kwa sababu chai ilikuwa bado ya moto na sikuwa na haraka. Mstari wa kwanza vijiti 19, wa pili 18, wa tatu 14. Nikarudia, maana mafuta yalikuwa yameshaanza kuvifuta. Jumla 51. Ukitoa 27 kwenye 51 unapata 24 bila wasiwasi. Mtoto yule alitoa sawasawa, ila alichora pungufu kijiti kimoja. Na mwisho wa mstari wa pili palikuwa na kitundu kidogo, pale ufutio ulipokula karatasi. Je, kijiti cha hamsini na mbili kilikaa hapo kikafutwa na mwenyewe? Au hakikuwahi kuzaliwa? Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni, na suruali ikalowa mafuta.

Jioni nikaipeleka kwa mwalimu ninayemfahamu siku nyingi. Anafundisha darasa la tatu katika shule ya serikali mjini humohumo. Ameomba jina lake na la shule yasiandikwe, na mwenye ajira ataelewa. Aliinyoosha karatasi mezani, akaiinua kwenye taa kama daktari na picha ya mfupa uliovunjika.

“Mdogo wangu, huyu mtoto ana akili,” akasema. “Asiye na akili angekujibu 35.”

Nikauliza 35 imetoka wapi. Akaandika hesabu kwa kusimamisha, 52 juu, 27 chini. Saba haitoki kwenye mbili, basi mtoto anageuza: anatoa mbili kwenye saba, anapata tano. Kisha tano toa mbili, tatu. Thelathini na tano. Ni kosa analolisahihisha kila wiki, na anasema linamuudhi kwa vile linapendeza. Namba zimepangwa, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, kazi safi, jibu la ajabu. “Huyu wa vijiti hakujidanganya. Hakuiamini ile njia ya ubaoni, akaenda kwenye anachokijua. Anajua kutoa. Asichokijua ni kumi.”

Sentensi hiyo ndiyo niliyotoka nayo pale. Mtoto anaitamka kumi kila siku, tangu kabla ya shule. Lakini kwa wengi, mwalimu anasema, kumi ni kituo tu njiani kati ya tisa na kumi na moja. Hawaioni kama fungu, kitu kimoja chenye vitu kumi ndani yake, ambacho waweza kukibeba kizima au kukifungua. Asiyeliona fungu, 52 kwake ni vijiti hamsini na viwili, na ataanza kimoja, viwili, vitatu, akiwa darasa la tatu, akiwa la tano, hadi mkono uchoke au kimoja kimponyoke.

Kisha akanitolea jambo ambalo mimi, ninayekula kwa Kiswahili, sikuwahi kuliwaza. “Hamsini. Hebu niambie, tano imo wapi humo?”

Haimo. Kumi na mbili inajieleza: kumi, na mbili. Ukifika ishirini mlango unafungwa, mbili haisikiki. Thelathini imeificha tatu, arobaini imeificha nne, themanini imeificha nane. Sitini, sabini na tisini pekee ndizo zinazomnong’oneza mtoto sita, saba na tisa, tena kwa sababu sita, saba na tisa zenyewe zilikuja na Kiarabu kama wenzao wa makumi. Wazee walikuwa na tandatu, na kenda ya tisa. Saba ya zamani imebaki kwa bwana na bibi harusi, kwenye fungate. Sishauri tuifute hamsini kwenye lugha, Waswahili wa Ngamiani wangenifukuza. Mwalimu yeye ana dawa yake: muhula wa kwanza wote, darasani kwake hamsini na mbili huitwa “makumi matano na mbili”. Mkaguzi mmoja aliwahi kumuuliza ni Kiswahili cha wapi hicho.

Vifaa vyake vimo kwenye kopo la maziwa ya unga. Ni chelewa za ufagio, zimekatwa urefu wa kidole na kufungwa kumi kumi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Akapanga mezani mafungu matano na chelewa mbili. “Nipe saba.” Nikaziangalia zile mbili. Nikajikuta nimeshika fungu na kulifungua, mpira ukaruka chini ya kabati, chelewa zikatawanyika. Sasa ninazo kumi na mbili. Nikampa saba, zikabaki tano. Mafungu yakawa manne, nikatoa mawili. Ishirini na tano. Miaka yote nimekuwa nikikopa kwa jirani bila kujua jirani ananipa nini.

Mwalimu halipendi neno hilo la kukopa. Kuna mtoto aliwahi kumuuliza, “Mwalimu, tutalipa lini?” na hakuwa na jibu. Siku hizi husema kuchenji, kwa kuwa hilo wamelikuta nyumbani.

Ana mwanafunzi anayeuza barafu za mia mia baada ya masomo. Alimwuliza: nimekupa buku, nimechukua barafu saba. Mtoto akamjibu mia tatu, sentensi ikiwa bado haijaisha. Akamwandikia ubaoni 1000 − 700. Mtoto akaandika 1700. “Amemrudishia mteja chenji kubwa kuliko noti yake! Na huyo huyo ukimpunja shilingi hamsini atakufuata hadi kwenu.”

Nikamsimulia kwamba mwaka 1985 watafiti Terezinha Nunes Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann waliandika habari za watoto watano wachuuzi wa mji wa Recife, Brazil. Wakiwa kwenye biashara zao walipatia maswali asilimia 98. Hesabu za aina hiyohiyo zilipowekwa kwenye karatasi, namba tupu bila bidhaa wala mteja, wakapatia asilimia 37. “Wabrazil nao?” akasema, na nadhani alifarijika.

Mengine mnayajua. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili waliwekewa mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia 2010 wapimaji wa tathmini ya Uwezo walipita majumbani mara kadhaa na hesabu za kiwango cha darasa la pili, na kila mara walikutwa wa madarasa ya juu wasioziweza. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Yeye ana 94.

Nikamuuliza kilichonipeleka pale: kwa nini aliyesahihisha hakukihesabu kile kijiti? Alikaa kimya, kisha akachukua kalamu. Wanafunzi 94, maswali kumi kila mmoja, ni maswali 940. Kila swali sekunde 15, dakika 235. Karibu saa nne, na hilo ni somo moja la siku moja. “Wewe vijiti hivyo umevihesabu kwa muda gani?” Dakika tatu hivi, na nilivihesabu mara mbili. Basi, akasema, na hakuendelea.

Hajitoi kwenye lawama. Miaka yake ya mwanzo alipiga vijiti marufuku kuanzia darasa la tatu, aliona ni utoto. Watoto walitii. Madaftari yakawa safi, akasifiwa. Ikamchukua muda kugundua kwamba wakati wa jaribio viatu vilikuwa vinatikisika chini ya madawati: walikuwa wanahesabia vidole vya miguu. Wengine walichora vijiti pajani, chini ya sketi na kaptula, kwa kucha.

Sasa mazoezi yake ni dakika tano kila asubuhi, kabla ya kufungua daftari. Anasema saba, darasa linajibu tatu. Anasema sita, nne. Kila namba na mwenzake wa kutimiza kumi, mbele na nyuma, hadi jibu litoke bila kidole. Baada ya hapo, nane ongeza tano: zile tano zinagawanywa, mbili zinakwenda kuitimiza nane, tatu zinabaki nje. Tebo anazifundisha pia, ila haziamini sana. Wanaziimba vizuri kama kaswida, anasema, lakini ukimkata mtoto katikati ukamwuliza saba mara nane, anaanza upya na saba mara moja. Je, dakika tano zinatosha? Kwa wa mbele ndiyo. Wa nyuma hawasikii vizuri, na akifika kwao wa mbele wanapigana.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kwa mama wa vitumbua. Nilimwamkia, nikamwomba nipekue rundo la karatasi zake, akaniruhusu kwa sharti ninunue kwanza. Daftari lile lilikuwa limekwisha, isipokuwa ukurasa mmoja. Mwandiko ni uleule, tano zake zina kofia iliyoachana na kichwa, na tarehe ni ya siku iliyofuata.

Nikaupeleka kwa mwalimu wakati wa mapumziko, vumbi la chaki likiwa bado mikononi mwake. 61 − 34, imesimamishwa vizuri, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, mstari umepigwa kwa rula. Jibu: 33.

Akaugeuza nyuma, akautazama pembeni, akautazama kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa anatafuta vijiti.

“Hamna hata kimoja,” akasema. Kengele ikalia. Aliondoka na ule ukurasa.